Teselesheni ni nini hasa, na kwa nini sakafu imepata vema halafu mpira ukapata kosa

Mtoto wa dada yangu majuzi karudi na daftari la hisabati lina swali moja fupi tu, taja vitu vitatu vya nyumbani kwenu vyenye teselesheni. Yeye akaandika sakafu ya jikoni, kitenge cha bibi na mpira wa miguu. Mwalimu akampa vema kwenye sakafu, vile viwili vingine kosa. Basi jioni ile nyumba nzima ikawa kesi, bibi yake anauliza kitenge changu kina kosa gani na maua yamejirudia toka mwanzo mpaka mwisho wa doti, kaka mtu naye anasema mpira vipande vyake vimeshonwa hata sindano haipiti sasa mwalimu anataka nini zaidi, na mimi nikaambiwa anko si wewe ndo unapenda hesabu, haya tueleze.

Nikaona kumbe hili neno watu wengi tunalisikia tunadhani maana yake ni mapambo yanayojirudia basi. Hata mitandaoni unakuta mtu kaposti pazia lina maua kaandika chini teselesheni, mwingine kaposti picha ya msikiti wa zamani kaandika neno hilo hilo, na wote wamepata laiki. Mwalimu alikuwa sahihi kabisa, ila sababu zake hazionekani mpaka ukae chini uzifuate moja moja, na mimi nazipenda sana hizi sababu kwa hiyo nivumilie nizieleze taratibu.

Maana yenyewe ni hii. Teselesheni ni kufunika sehemu bapa kwa vipande vya maumbo vikakaa bega kwa bega, pasibaki pengo hata dogo, kipande kisipande juu ya mwenzake, na mpangilio huo uwe unaweza kuendelea pande zote bila kufika mwisho. Fundi tailizi anazifanya hizi kazi kila siku hata kama neno lenyewe hajawahi kulisikia. Ule mstari mwembamba wa grauti usikuchanganye, kwenye hesabu tunachukulia vigae vimegusana kabisa.

Neno limetoka Kilatini, tessella, kijiwe kidogo cha mraba ambacho Warumi walikuwa wanapangia sakafu na kuta zao, na ukilifuata nyuma zaidi linakwenda mpaka kwenye namba nne ya Kigiriki, kwa sababu ya zile pembe nne za kijiwe. Kwa hiyo halina undugu na Tesla, wala yule mtu wa umeme wala yale magari. Ila angalia mtego uliopo hapa, Warumi hao hao walikuwa wanatumia vijiwe vyao kutengeneza picha za samaki na watu na miungu yao, vijiwe vimesogezwa sogezwa vimepinda kufuata picha na katikati wamejazia chokaa. Hiyo ni mozaiki, ni sanaa nzuri sana, lakini mozaiki sio lazima iwe teselesheni japo jina limetoka kwenye vijiwe vyake.

Na hapo ndo kitenge kilipoangukia. Maua yamejirudia ni kweli, tena kwa vipimo, lakini kati ya ua na ua kuna kitambaa kitupu, ua halijagusa jirani yake. Kurudia ni kitu kimoja na kuziba ni kitu kingine. Vipo vitenge ambavyo michoro yake imeshikana kabisa, pembetatu kwa pembetatu au msambamba kwa msambamba mpaka huoni sehemu ya kupumulia, vile ningevipa vema bila kufikiri mara mbili. Cha bibi sio hicho. Ila nikamwambia mama usikasirike, kitenge kimekosa lakini huo mkeka uliokalia umepata. Tazama ukili kwa karibu, kila sehemu ambapo mwaa mmoja umepita juu ya mwenzake unaona kijimraba kimesimama kwa kona, na kando yake kingine, na kingine, hakuna nafasi kati yao maana ukiacha nafasi mkeka haushiki. Msusi akichanganya miyaa iliyopakwa rangi na isiyo na rangi vile vimraba ndo vinatoa nakshi, na yeye anahesabu kichwani bila daftari ngapi juu ngapi chini. Hiyo hesabu wanawake wa pwani wanaifanya wakiwa wanapiga stori.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, kwa nini umbo hili linakubali na lile linakataa? Jibu lote liko kwenye kona. Chukua chapati, ikate kuanzia katikati kama unawagawia watoto, vipande vikiwa vinne vinaenea, vikiwa sita vinaenea, vyovyote utakavyokata ukivirudisha vyote pale katikati vinazunguka duara zima, na duara zima ni nyuzi 360. Kona ya sakafu ambapo vigae vinakutana ni kama katikati ya hiyo chapati. Pembe zote zinazokutana pale lazima zijumlishe 360, zikipungua kuna pengo, zikizidi kuna kigae kimepanda juu ya kingine.

Jaribu na mraba. Kona yake ni nyuzi 90, minne inafanya 360, safi. Pembetatu yenye pande zote sawa kona yake ni 60, zinaingia sita, safi. Pembesita iliyo sawa, umbo la pevingi nyingi za uani (ndugu zetu wa Kenya wanaita kabro), kona yake ni 120, zinaingia tatu, safi kabisa. Pembetano iliyo sawa kona yake ni 108, weka tatu unapata 324, imebaki 36 na pembetano ya nne inataka 108, haiingii hata uilazimishe. Ukienda pembesaba na kuendelea kila kona inazidi 120 kwa hiyo tatu tu tayari zimezidi duara, na mbili hazitoshi. Kwa hiyo kama unatumia umbo moja tu, lenye pande zote sawa na pembe zote sawa, na kona zikikutana na kona, machaguo ni matatu. Sio kwamba watu hawajatafuta sana, hapana, ya nne haiwezekani, na umeona mwenyewe kwa nini kwa kujumlisha tu.

Ukiruhusu kuchanganya maumbo mambo yanapanuka. Kuna sakafu nyingi za zamani zina pembenane kubwa na vimraba vidogo katikati, hiyo ni 135 na 135 na 90, jumla 360. Mwaka 1619 Johannes Kepler, yule yule wa sayari, alizichambua michanganyiko ya namna hii, ambayo maumbo ni ya pande sawa na kila kona ya sakafu inafanana na kona nyingine zote, na ziko 8 tu.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa nyuki maana kuna watu huwa wanasema nyuki kachagua pembesita kwa sababu ndo umbo pekee linaloziba. Tumeshaona sio pekee, mraba unaziba na pembetatu inaziba. Tofauti iko kwenye nta. Tuseme chumba kimoja kinatakiwa kiwe na eneo la sentimita 100 za mraba (nyuki wa namna hiyo hayupo ila namba zinakuwa nyepesi kushika), ukijenga kwa mraba ukuta wake unazunguka sentimita 40, ukijenga kwa pembetatu unahitaji karibu 45.6, ukijenga kwa pembesita unahitaji kama 37.2. Ukuta mfupi, nta kidogo, nafasi ile ile. Duara lingekuwa fupi zaidi, kama 35.4, ila duara haliwezi kuziba, angalia kreti ya soda chupa zimekaa kwa mistari iliyonyooka, hata zingegusana kabisa bado zaidi ya sehemu moja ya tano ya eneo lote ingekuwa hewa. Hata ukizipanga kwa kupishana, ambayo ndo njia bora kuliko zote kwa maduara yaliyolingana, bado asilimia 9 na kidogo inabaki wazi. Watu waliamini tangu enzi za kale kwamba pembesita ndo inashinda kwenye kubana ukuta, Pappus wa Alexandria, mwanahisabati wa Kigiriki, kaandika hayo zaidi ya miaka 1600 iliyopita, lakini kulithibitisha kihesabu dhidi ya kila mgawanyo wowote mwingine unaoweza kuufikiria kulichukua mpaka 1999, mtu anaitwa Thomas Hales. Mdudu anajenga vile kila siku, sisi uthibitisho tumeupata juzi tu hapa.

Turudi kwenye mpira sasa, kaka mtu anasubiri. Ule mpira wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe uliopata umaarufu kwenye Kombe la Dunia la 1970 una vipande 32, pembetano 12 nyeusi na pembesita 20 nyeupe. Kila mahali mishono inapokutana utakuta pembetano moja na pembesita mbili. Jumlisha, 108 na 120 na 120, unapata 348. Zimepungua nyuzi 12! Maana yake ukikata vile vipande kwenye ngozi ukavitandika mezani haviwezi kufunga, kutabaki kaufa kembamba kila kona. Sasa fundi anafanyaje, anavuta hizo kingo mbili anazishona zikutane, na zikikutana ngozi haina pa kwenda inabidi iinuke, inakuwa kama bakuli. Bakuli likiendelea kona kwa kona linajifunga lenyewe linakuwa mpira. Yani ule uduara wa mpira umetokana na zile nyuzi 12 zilizokosekana, kama vipande vingefunga vizuri mezani usingepata mpira, ungepata zulia.

Na kuna kitu hapa mimi nilipokiona mara ya kwanza sikulala vizuri. Mpira ule una kona 60, kila moja imepungukiwa 12, zidisha unapata 720. Chukua boksi la sabuni, lina kona 8, kila kona zinakutana pembe tatu za 90 yani 270, imepungua 90, mara 8 ni 720. Namba ile ile. Tengeneza piramidi, tengeneza umbo lolote la pande bapa lililofungwa ambalo halina mabonde wala tundu la kupita katikati, upungufu wa kona zake zote ukiujumlisha ni 720 siku zote. René Descartes, mwanahisabati wa Ufaransa, aliliona hili karne ya 17. Kwa hiyo kwenye sehemu bapa upungufu lazima uwe sifuri, na kwenye kitu kilichofungwa kama mpira lazima uwe 720, na ndo maana mwalimu alikata, somo lao lilikuwa la sehemu bapa. Niwe mkweli kwa kaka mtu, wanahisabati wapo wanaozungumza teselesheni za juu ya tufe na mpira unaingia huko vizuri tu. Ila ukiulizwa bila nyongeza, wanamaanisha bapa.

Kutokana na mambo ya pembetano watu wanabeba imani kwamba umbo la pande tano haliwezi kamwe. Hapana. Lisiloweza ni lile lililo sawa pande zote na pembe zote. Chukua nyumba anavyoichora mtoto mdogo, mraba na paa la pembetatu juu, hesabu pande, tano. Sasa panga nyumba hizo mstari mmoja zimegusana kuta, halafu juu yake geuza mstari mwingine miguu juu, mapaa ya chini yanaingia kwenye mabonde ya juu kama meno ya zipu, na sakafu kwa sakafu mistari inayofuata inashikana. Imeziba. Pembetano imeziba uwanja mzima na mtoto wa chekechea ndo kaichora.

Je ziko aina ngapi za pembetano zisizo na kona iliyoingia ndani ambazo zinaziba? Hii hadithi naipenda kuliko zote. Mwaka 1918 Karl Reinhardt alizipata aina 5, mwaka 1968 mtaalamu mwingine akaongeza 3 akasema sasa zimetimia, ni 8. Mwaka 1975 zikaandikwa kwenye safu ya Martin Gardner ya gazeti la sayansi kule Marekani, msomaji mmoja akasoma akapata nyingine, na mama mmoja wa nyumbani San Diego anaitwa Marjorie Rice, hisabati yake ni ya sekondari tu, akaanza kuchora jikoni kwake kwa alama alizobuni mwenyewe maana zile za wataalamu hakuwa nazo. Akapata aina 4 mpya. Nne, mama wa jikoni, kwenye kitu ambacho mtaalamu alishafunga mjadala. Sakafu moja yenye mpangilio wake imewekwa kwenye makao makuu ya chama cha hisabati mjini Washington. Ya 14 ilipatikana 1985, ya 15 ikapatikana 2015 kwa kompyuta na timu ya chuo kikuu cha Washington kule Bothell, na mwaka 2017 Mfaransa Michaël Rao akatoa uthibitisho kwamba hakuna ya 16.

Pembetatu na pembenne hazina shida hiyo hata kidogo, zote zinakubali. Nasema zote, hata ile iliyopinda pinda haina upande unaolingana na mwenzake. Usiniamini mimi, chukua boksi la kadibodi kata pembenne yoyote ya hovyo, tumia hiyo kama kielelezo ukate nyingine ishirini. Weka moja mezani, ya pili izungushe nusu duara uilaze upande wake kwenye upande ule ule wa ya kwanza, endelea hivo hivo kila upande. Utaona kwenye kila kona zinakutana zile pembe nne tofauti za pembenne yako, kila moja mara moja, na pembe nne za pembenne yoyote duniani jumla yake ni ngapi? 360. Chapati ile ile.

Kuna wengine wanadhani pande lazima ziwe zimenyooka. Angalia pevingi zile zenye kingo za mawimbi, au zile zenye umbo kama herufi I, pale mwanzo kulikuwa na mstatili wa kawaida au mraba, halafu kila kipande kilichokatwa upande mmoja kikaenda kuongezwa upande wa pili. Ulichotoa kushoto umekiweka kulia, kwa hiyo jirani akija tumbo lake linaingia kwenye shimo lako. Tena zinafanya kazi kuliko mstatili mtupu, gari likipiga kona matofali hayatelezi ovyo kwa sababu yameshikana meno. Kanuni hiyo hiyo ya toa hapa weka kule ndo M. C. Escher, msanii wa Uholanzi, aliitumia kugeuza maumbo ya kawaida kuwa ndege na samaki na mijusi walioziba karatasi nzima. Alikwenda Alhambra, ile kasri ya Waislamu kule Granada Uhispania, mwaka 1922 na akarudi 1936, akakaa kunakili kuta kwa mkono, na kazi zake za baada ya hapo zikabadilika moja kwa moja.

Kuta zenyewe za Alhambra na zile za Fes kule Moroko ni kazi ya ziliji, vigae vilivyopakwa rangi vikachomwa halafu fundi anavikata kimoja kimoja kwa nyundo. Bwana wa kazi ile anaitwa maalem, neno la mzizi ule ule uliotupa sisi mwalimu. Nyota na vipande vinavyozizunguka pale havijawekwa kwa kukadiria macho, rula na bikari ndo zimetawala. Baadaye sana mwaka 1891 Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha kwamba ukiangalia nakshi yoyote inayojirudia kwenye sehemu bapa, ukaacha rangi na umbo ukaangalia tu inavyosogea, inavyozunguka na inavyojiakisi kama kwenye kioo, ziko namna 17 tu. Zulia, ukuta, mkeka, karatasi ya zawadi, chochote kile, kinaangukia kwenye moja ya hizo 17. Kumbuka hapo anahesabu namna za kurudia, na hata kitenge cha bibi kimo kwenye hizo 17, japo hakizibi.

Sasa habari ambayo ilisumbua vichwa mwaka 2023 na bado watu wananiuliza. Nimesema teselesheni ni kuziba. Sijasema lazima irudie! Mraba unaweza kuupanga unavyotaka utarudia tu, lakini je kuna vigae ambavyo vinaziba uwanja mzima na vinakataa kurudia hata ufanyeje? Ukichukua karatasi ya kuonea nyuma ukanakili kipande cha sakafu ya mraba ukaisogeza hatua moja, kila kitu kinakaa tena mahali pake. Swali ni kama ipo sakafu ambayo ukisogeza karatasi popote, mbali kiasi chochote, haikai sawa tena. Mwaka 1966 Robert Berger akaonyesha ipo, ila alihitaji aina 20,426 za vigae. Fikiria fundi anaambiwa alete aina hizo dukani. Wengine wakapunguza, na mwaka 1974 Roger Penrose wa Uingereza akafika kwenye maumbo mawili tu. Mbele ya jengo la hisabati pale Oxford kuna sakafu ya Penrose unaikanyaga kwa miguu.

Watu walidhani huu ni mchezo wa kichwa. Mwaka 1982 mwanasayansi wa Israeli, Dan Shechtman, akaona kwenye mchanganyiko wa aluminiamu na manganizi atomi zimepangika kwa utaratibu kabisa lakini bila kurudia, ndugu wa vigae vya Penrose, kitu ambacho vitabu vilisema hakiwezekani kwenye fuwele. Wenzake hawakumwamini miaka mingi. Mwaka 2011 akapewa Nobel ya kemia peke yake.

Likabaki swali la mwisho, je linaweza umbo moja tu? Wakaliita swali la einstein, na hapa watu walichanganyikiwa sana habari ilipotoka, wakadhani ni Albert Einstein ameacha fumbo. Ni Kijerumani tu, ein Stein, jiwe moja, kigae kimoja. Aliyelipata mwishoni mwa 2022 hakuwa profesa, ni David Smith, mstaafu wa kazi za uchapishaji wa Bridlington Uingereza, alikuwa anachezea maumbo kwenye kompyuta halafu akakata kwa karatasi ngumu akaona hili moja linaziba na halionyeshi dalili ya kurudia. Akamtafuta mtaalamu wa kompyuta Craig Kaplan, wakaongezeka Joseph Myers na Chaim Goodman-Strauss, na Machi 2023 wakatoa uthibitisho. Umbo lina pande 13, wakaliita kofia. Lalamiko likaja kwamba kofia inataka baadhi ya vipande vipinduliwe, kama kimoja katika kila nane hivi, na kigae cha kweli kina uso wa kung'aa upande mmoja tu huwezi kukilaza kifudifudi, kwa hiyo fundi angeagiza aina mbili. Mei mwaka huo huo watu wale wale wakaja na umbo jingine lisilohitaji kupinduliwa. Likaisha.

Kofia yenyewe sio ngumu kuitengeneza, na ndo tulipomalizia usiku ule. Unachora pembesita kama za pevingi zimeshikana, kila moja unaikata kwa mistari mitatu kutoka katikati ya upande mpaka katikati ya upande unaotazamana nao, unapata vipande 6 vyenye umbo la tiara, kofia moja ni tiara 8 zilizoungana. Mtoto wa dada kakata kofia 31 kwenye maboksi ya sabuni, nne kazipaka kalamu nyekundu upande wa nyuma kwa ajili ya kupindua. Hajazifikisha ukingo wa meza bado. Inabidi uanze upya kila ukikosea moja, na mpira wa kaka mtu uko chini ya kiti hakuna aliyeugusa.